Mchanga Ulitiririka, Nikanyamaza

Vijana wangu, ninyi mnaochimba visima kwa mashine. Siku ile mliposimamisha lori lenu hapa nje kwangu, Bariadi, kuomba maji ya kuongeza kwenye rejeta, mmoja wenu aliyaona makovu ya mguu wangu. Akaniuliza, "Babu, kwani zamani mlikuwa mnashuka kwa kamba tu? Hamkuwa na woga?" Nikacheka, nikawapa maji, mkaenda zenu. Mliondoka na lori lenu, lakini swali mliniachia. Naliandika jibu lake hapa, kwa sababu siku ile ningelisema kwa mdomo ningesema uongo. Nimekwisha kulijibu kwa uongo mara moja, tena kanisani.

Mimi ni Mayunga. Nimechimba visima kwa mikono miaka ishirini na nane, kuanzia Maswa mpaka huku. Magoti ndiyo yaliyonistaafisha. Sikupewa barua wala sherehe. Siku moja nilishuka futi kumi, nikashindwa kupanda.

Kazi yetu ilikuwa hivi. Watu watatu au wanne juu, mmoja chini. Aliye chini ana sururu ya mpini mfupi, beleshi lililokatwa mpini, na ndoo. Akijaza ndoo anavuta kamba mara moja, wa juu wanapandisha udongo. Akivuta mara mbili anataka kupanda yeye. Akivuta mara tatu, acheni kila kitu. Udongo uliotolewa haukai ukingoni, unamwagwa mbali hatua tano, maana uzito wake unasukuma ukuta. Ng'ombe hawapiti karibu. Na asubuhi, kabla mtu hajashuka, inashushwa kwanza taa ya kibatari. Ikizimika, chini hamna hewa ya mtu. Pampu ya petroli haishushwi kisimani hata siku moja. Moshi wake una sumu isiyo na harufu ya kukuonya, inakulaza tu.

Haya yote nilifundishwa na mzee Maduhu wa Shishiyu. Alikuwa mfupi, mwenye mabega mapana, na alikuwa anaongea kidogo kama mtu anayebania pumzi. Akiitikia "mwangaluka", salamu yetu ya asubuhi, basi mpaka saa sita hujamsikia tena. Kabla ya kushuka alikuwa anavua kofia, anainamisha kichwa kidogo, midomo inacheza, halafu anavaa kofia na kukalia kibao kilichofungwa kwenye kamba. Haikuchukua muda hata wa kufunga fundo. Mimi nilidhani ile sala ndiyo dawa yake ya woga, na nilimwonea wivu.

Msidhani nilikuwa fundi mzuri tangu mwanzo. Kisima cha kwanza nilichokichagulia mahali mwenyewe kilikuwa cha mzee mmoja hapohapo Shishiyu. Niliona mkuyu mkubwa, nikasema maji yapo hapa, mkuyu haudanganyi. Tulichimba futi arobaini na moja, hata unyevu hamna, vumbi tupu. Mwenye mji alikuja akachungulia, akatupa kijiwe, akasikiliza. Akasema, "Wabeja, asanteni, vijana. Sasa nijengeeni na kibanda juu yake." Ndicho choo chake mpaka leo. Nasikia hakijajaa, na hakitajaa wajukuu wake wakiwa hai.

Maduhu hakunicheka. Alisema tu, "Mkuyu una mizizi mirefu kuliko kamba yetu. Siku nyingine onja udongo, usitazame majani." Na udongo alinifundisha kuuonja kweli, kuubana kiganjani, kuusikiliza unavyogonga kwenye sururu. Udongo mgumu wa juu unasimama wenyewe kama ukuta wa nyumba. Udongo mweusi wa mbuga unavimba mvua ikinyesha, unapasuka jua likiwaka, huo usiuamini. Lakini alioogopa kuliko wote ni mchanga ulio chini ya udongo mgumu. Unachimba futi ishirini kwa raha, ukuta umenyooka, unajiona fundi, kumbe umesimama ndani ya chupa ambayo kitako chake ni mchanga. "Ukiona mchanga, panda," alisema. "Usichimbe hata beleshi moja. Panda, tungoje pete." Yaani pete za zege, zinazozamishwa moja juu ya nyingine mpaka zishike ukuta.

Sasa nije kwenye lile swali lenu.

Tulikuwa kijiji kimoja upande wa Malampaka, msimu wa mvua. Msishangae kuchimba kisima wakati wa mvua. Watu wale walikuwa wanakunywa bwawani pamoja na ng'ombe, na mvua ilikuwa imesomba kila uchafu ikautia humo. Watoto walikuwa wanaharisha. Tulipofika tulikuta msiba, na wiki iliyofuata msiba mwingine, wote watoto wa chini ya miaka mitano. Kwa hiyo kila mtu alikuwa anatuhimiza. Pete zilikuwa tayari zimemiminwa na kukauka, lakini zilikuwa ng'ambo ya mbuga, na trekta la kuzivuta lilikuwa limezama kwenye tope mpaka ekseli. Maduhu akasema tuchimbe udongo mgumu tu, tukifika mchanga tusimame hata kama ni mwezi.

Wiki moja kabla, mimi nikiwa chini, nilisikia kitu kinanguruma ukutani. Nilivuta kamba mara tatu, nikapandishwa mbiombio. Maduhu alishuka kuangalia. Alipanda na chura mfukoni. Wale wa kwenye kamba walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Toka siku ile nikaitwa Chura. Nikienda kunywa uji, "Chura, karibu." Wanawake wakipita, "Huyo ndiye Chura?" Maduhu peke yake hakuniita hivyo. Lakini mimi nilikuwa na miaka thelathini na kitu, nina mke, nina watoto, na jina lile lilikuwa linanikera kuliko nilivyoonyesha.

Siku yenyewe nilishuka mapema. Taa iliwaka vizuri. Tulikuwa futi ishirini na sita. Nilipopiga sururu mara ya tatu au ya nne, upande wa nyuma yangu nikasikia sauti ndogo, kama mtu anayepepeta mtama kwa mbali. Nikageuka. Kwenye ukuta, usawa wa goti, palikuwa na tundu la kupenya kidole, na mchanga mwembamba, wenye unyevu, ulikuwa unatiririka kutoka humo. Si mwingi. Unatiririka, unaacha, unatiririka.

Nilijua. Msije mkasema sikujua. Nilishika kamba, nikaivuta mara moja kwa kidole, ikalegea. Nikasikia wale wa juu wanacheka jambo lao jingine kabisa, na mimi masikioni nikasikia Chura. Nikaiachia kamba. Nikasema moyoni, Mungu yupo, atatulinda. Mtu angenisikia angesema, tazama imani. Ilikuwa aibu tu, vijana wangu. Nilimvika Mungu aibu yangu ili nisiione.

Nikaendelea kuchimba. Pakatokea jiwe, kubwa kuliko nguvu zangu. Badala ya kusema nipandisheni, nikapiga kelele, "Baba, njoo tulisaidiane hili jiwe!" Maduhu akavua kofia, akasali ile sala yake fupi, akashuka na mtaimbo.

Alipokanyaga chini alitazama jiwe, kisha akatazama ukuta. Mtu kama yule haikumchukua muda. Aliweka kiganja chini ya lile tundu, mchanga ukamjaa mkononi. Akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mayunga, huu mchanga umeanza lini?"

Sikuwahi kujibu. Ukuta wa chini ulitoka wote kwa mara moja. Haukutoa mlio mkubwa kama mnavyodhani. Ulishusha pumzi tu, kama gunia linalotuliwa. Nilijikuta nimesukumwa ukuta wa pili, mchanga umenifika kiunoni, mguu mmoja umekwama chini ya jiwe. Maduhu alikuwa ameinama, kwa hiyo alifunikwa mpaka kwapani. Mkono wake mmoja ulikuwa nje. Juu yetu ule udongo mgumu ulikuwa umebaki unaning'inia, bila kitu chini yake.

Nilipiga kelele mpaka koo likachubuka. Juu nako wanapiga kelele. Mmoja akaja ukingoni, bonge la udongo likaanguka, likapita karibu na kichwa changu.

"Warudi nyuma," Maduhu akasema. "Waambie warudi nyuma. Na wewe nyamaza, kelele inatingisha."

Nikawaambia. Wakarudi nyuma. Ilikuwa kama saa nne asubuhi, na mbingu juu yetu ilikuwa duara la samawati, dogo kama sahani, ndege wanapita.

Mjue kinachomuua mtu kwenye mchanga. Si kukosa hewa puani. Kila akitoa pumzi, kifua kinapungua, na mchanga unaingia kuijaza ile nafasi. Akitaka kuvuta pumzi tena, kifua hakipanuki mpaka pale kilipokuwa. Kinazidi kubanwa kidogo kidogo, pumzi kwa pumzi. Nilikuwa namchimbua kwa vidole na kofia yake, na kila nikitoa kiasi kingine kinashuka. Kucha tatu zilitoka. Mchanga haukupungua.

"Acha," akasema. "Unauchokoza."

Nikaacha. Nikashika mkono wake. Nikaanza kulia, nasema, "Mungu nitoe, Mungu nitoe, Mungu nitoe." Ndivyo nilivyosali, na naliandika hili kwa makusudi. Nilisali kwa umoja. Tulikuwa wawili mle ndani na mimi nilisema nitoe.

Baada ya muda Maduhu akasema, "Mayunga, unaogopa?"

"Naogopa sana, baba."

"Hata mimi."

Ile ilinitisha kuliko mchanga. Nikamwambia, "Lakini wewe unasali ndipo unashuka. Nilidhani ukisali huogopi."

Akakaa anatafuta pumzi. Kisha akasema, kipande kwa kipande, "Sijawahi kushuka bila kuogopa. Tangu kisima cha kwanza. Namwambia Mungu naogopa. Halafu nashuka. Hiyo ndiyo sala yenyewe. Ulidhani nasema nini?"

Nilikuwa nimefanya kazi na mtu yule miaka tisa.

Juu walikuwa hawajalala. Walikuwa wanang'oa milango ya nyumba zao, mmoja baada ya mwingine, ili washushe kuzuia ule udongo unaoning'inia. Niliambiwa baadaye kwamba kijiji kile kililala wiki nzima bila milango. Lakini kushusha mlango kwenye shimo bila kutikisa ukuta ni kazi ya polepole, na jua lilikuwa linapanda.

Maneno yake ya mwisho aliyasema jua likiwa utosini, linatupiga sote wawili. Alisema, "Mwambie Minza yule ndama wa ng'ombe mwekundu asimwachishe kunyonya mapema. Mwaka jana aliharakisha." Nikasema nitamwambia mkewe. Akasema, "Asiharakishe." Baada ya hapo alikuwa akibana mkono wangu tu, na kubana kukawa kudogo, na ikafika wakati nikawa nabana mimi peke yangu.

Nilikaa naye kama saa tatu zaidi. Walinitoa saa kumi jioni, wawili wameshuka wamefungwa kamba, wanachota mchanga kwa sufuria na mabakuli. Jiwe lilikuwa limenichuna mguu mpaka kwenye mfupa. Maduhu alitolewa kesho yake.

Mle ndani Maduhu hakuniuliza tena lile swali la mchanga. Saa zile zote alikuwa na nafasi ya kuniuliza, na alijua jibu, na hakuniuliza.

Nilipoanza kutembea kwa mkongojo, kanisa liliandaa ibada ya shukrani. Mchungaji akanisimamisha mbele. Watu walikuwa wamejaa, wamekuja kumwona mtu aliyetoka ardhini. Minza, mke wa Maduhu, alikuwa amekaa benchi la pili, kichwa kimenyolewa kwa ajili ya msiba. Nikatoa ushuhuda. Nikasema ardhi ilitufunika ghafla bila dalili. Nikasema niliomba, na Mungu akanisikia. Nikasema Maduhu alikuwa na amani tele, hakuogopa hata kidogo, na kwamba maneno yake ya mwisho yalikuwa, "Naiona nyumba ya Baba yangu, mwambieni mke wangu tutaonana huko." Watu wakalia. Watu wakapiga vigelegele. Wakaimba. Nami nikalia pamoja nao, na kwa dakika kadhaa nilikaribia kuuamini ule uongo.

Mlangoni Minza alinishika mkono. Ni mwanamke mrefu, alimzidi mumewe kwa kichwa. Akasema taratibu, watu wengine wasisikie, "Mayunga, nimefurahi uko hai. Lakini niambie. Wewe Mungu alikutoa. Maduhu alimwachia nani?"

Sikuwa na la kumwambia. Hata leo, nimezeeka, nimesikia mahubiri mengi, sina. Watu waliniambia Mungu alikuokoa maana ana kazi na wewe. Basi na Maduhu hakuwa na kazi naye? Mtu mwema kuliko mimi mara kumi? Vijana, mkikutana na mtu ametoka kwenye shimo, msimwambie neno hilo. Mpeni uji.

Baada ya hapo sikuweza kushuka. Mguu ulipona, mimi sikupona. Nilijaribu kisima kimoja karibu na Maswa mjini, kisima cha watu, salama, chenye pete toka juu mpaka chini, nilitakiwa kusafisha tope tu. Nilikalia kibao, wakanishusha futi tatu, nikaanza kutapika. Nikarudi kulima pamba. Kanisani nilikuwa naenda, naimba, lakini sala ilikuwa haitoki. Nikifumba macho nasema "Mungu," linalofuata ni lile swali, umeanza lini. Nikaona kwamba hofu yangu haikuwa ya shimo tu. Nilikuwa nawaogopa wale waliopiga vigelegele. Na nilimwogopa Minza kuliko wote.

Wakati wa kuvuna pamba nilikwenda kwake Shishiyu. Njia nzima nilikuwa naomba nisimkute. Nilimkuta uani, kamwaga pamba juu ya turubai anaichambua, safi huku, fifi, yaani ile chafu, kule.

"Mwangaluka, mayu," nikamwamkia kama mama yangu.

"Mwangaluka, Mayunga. Mhola?"

Nikasema si mhola, si salama. Nikakaa chini, si kwenye kiti alichonipa. Nikamwambia yote. Nilianza na tundu la kidole. Nikamwambia kuhusu kamba niliyoivuta mara moja nikaiachia, na jina la Chura, na jinsi nilivyomwita Maduhu ashuke. Nikamwambia swali aliloniuliza na kwamba sikujibu. Nikamwambia nilisema nitoe, sikusema tutoe. Alikuwa anaendelea kuchambua pamba, hanitazami, ila nikaona ameanza kuitia iliyo safi upande wa fifi.

Mwisho nikasema, "Na yale maneno ya kanisani hakuyasema. Nyumba ya Baba hakuitaja. Alisema ndama wa ng'ombe mwekundu usimwachishe mapema. Alisema mwaka jana uliharakisha."

Mikono ikasimama. Akanitazama kwa mara ya kwanza. Na akacheka, vijana wangu, kicheko kifupi kilichomtoka bila ruhusa, na papo hapo kikageuka kilio, akajifunika uso kwa pamba aliyokuwa ameishika. Alilia kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Nilijua yale si maneno yake. Miezi yote hii nimekuwa nalala najiuliza alikufa mtu gani mle, mbona simjui. Sasa nimemjua. Huyo ndiye mume wangu."

Nikanyanyua kichwa. Nikadhani nimesamehewa. Akajipangusa, akasema, "Lakini hilo la mchanga, Mayunga, sijui nitaliweka wapi. Ondoka kwanza. Usije mpaka nikuite."

Nikaondoka. Kesho yake nilikwenda kwa mchungaji, nikamwambia na yeye, na Jumapili nilisimama tena palepale mbele nikausahihisha ushuhuda wangu. Hakukuwa na vigelegele. Watu walitazama chini. Wengine hawakunisalimia mpaka mwaka ulipokwisha. Lakini usiku ule, kwa mara ya kwanza, nilisema "Mungu, naogopa," nikalala.

Kiangazi kilikuja kibaya. Bwawa la kile kijiji likakauka likabaki tope, na lile shimo letu walikuwa wamelifukia, hawakutaka kunywa juu ya mauti. Haki yao. Siku moja mchana niko shambani nang'oa miti ya pamba, nikamwona Minza anakuja kwa miguu, kafunga khanga kiunoni kama mtu wa kazi.

Hakunisalimia kwanza. Akasema, "Wamekuja kwangu watu wa kule Malampaka. Wamezika mtoto mwingine. Wanasema mafundi wote wanakiogopa kijiji kile. Maduhu aliahidi kuwapa maji."

Nikasema, "Mayu, siwezi. Nilijaribu. Natapika."

"Utapike ukiwa unashuka."

"Ukuta ukinifuata?"

"Sijui," akasema. "Sikuja kukwambia hautaanguka. Mungu hajanieleza. Mimi naye hatuongei sana siku hizi, ila sijamwacha, na nadhani hajaniacha. Nimekuja kukwambia kamba nitaishika mimi."

Nikamtazama mikono. Nikatamani kukataa. Nilikwenda.

Tulichagua mahali kwa kuonja udongo, mbali na lile shimo la zamani, hatua kama mia mbili kuelekea mlima. Safari hii tulihakikisha pete zimefika ukingoni kabla hatujapiga sururu, isipokuwa mbili za mwisho zilizokuwa bado zinakauka. Siku ya kwanza nilitapika kama nilivyosema. Minza aliwaambia wanaume wawili wenzake kwenye kamba waniache nimalize, halafu washushe. Nilishuka nalia. Sikusikia sauti yoyote ya mbinguni, wala moyo haukupata joto kama wanavyosimulia. Nilikuwa nasema naogopa, naogopa, na sururu inapiga katikati ya maneno. Jioni nilipanda. Siku ya pili vilevile. Ndivyo ilivyokuwa mpaka mwisho, na ndivyo ilivyokuwa miaka yote iliyofuata. Aliyewaambia kwamba imani inaondoa woga, mimi sijakutana naye chini.

Futi ya ishirini na tisa, chini ya pete ya mwisho tuliyokuwa nayo, nikaona unyevu. Halafu kando ya kiatu changu mchanga ukashuka kidogo, kama chumvi inayomwagwa kiganjani. Ukasimama.

Nilivuta kamba mara tatu. Na kwa kuwa mara tatu haikunitosha, nikapiga kelele kwa sauti yote, kijiji kizima kisikie: "Mchanga! Naogopa! Nivuteni!"

Wakanivuta. Tukakaa ukingoni tukitazama chini. Hapakutokea kitu. Tukangoja mpaka jioni, hapakutokea kitu. Kesho yake ukuta umesimama palepale. Mmoja wa wale wanaume akasema mbele ya watu kwamba fundi huyu ameharibika akili, kesho atakimbia kivuli chake, na wengine wakacheka, na wenye ndoo tupu hawakucheka, walininung'unikia, maana maji yalikuwa karibu na watoto wana kiu. Siwezi kuwaficha, iliniuma. Tulingoja siku nne mpaka zile pete mbili zikauke, na ukuta ule haukuanguka hata bonge moja. Mpaka leo sijui kama ungeanguka.

Siku ya tatu, yule mwanaume alipoanza tena, Minza alisimama. Akasema, "Akisema nivuteni, tunavuta. Akisema mara mia, mara mia tunavuta. Asiyetaka aache kamba aende nyumbani." Hakuna aliyekwenda. Akakaa tena chini, na baada ya muda, bila kunitazama, akasema kwa sauti ya kwangu peke yangu, "Hivyo ndivyo ulivyopaswa kuvuta siku ile."

"Ndiyo, mayu."

"Haya."

Hatukulizungumza tena mpaka alipofariki.

Tulizamisha pete. Nilishuka, nikachimba, na futi ya thelathini na tatu maji yakaingia kutoka chini, yenye tope, baridi kwenye vidole vya miguu. Siku mbili tulichota tope, siku ya tatu yakaanza kukaa meupe. Wazee wa kijiji walitaka mchungaji anywe wa kwanza, mchungaji akampa kikombe Minza. Alikunywa, akakunja uso, akasema yana chumvi. Akanywa tena mpaka kikombe kikaisha, akakichovya tena ndooni kuchota kingine.